Mikanda ya jamaa ni kazi ya sindika

Zamani mfanyakazi alikuwa anafika kwenye biro ya sindika juu ya mambo matatu: mshahara usiotoka, ajali ya kazini na barua ya kufukuzwa. Siku hizi kuko jambo la nne. Mtu analeta bahasha, anatandika karatasi juu ya meza na kuuliza: bwana yuko Ubelgiji, ao kijana yuko Kanada, ao ndugu alipita Kasumbalesa mpaka akafika Johannesburg. Amepata kazi, amepata kibali cha kukaa. Sasa bibi na watoto watamfuata namna gani?

Wengine wanasema hilo si swali la sindika. Ni la ambasade, la avoka, ao la pasta anayeombea viza. Sisi hatukubali. Jamaa ya mfanyakazi iko ndani ya kazi yake tangu mwanzo wa mgodi hapa Katanga. Na tunaongeza neno moja, njo maana ya makala hii: haki ya bibi na watoto ya kukaa katika nchi mpya haianzi kwenye uwanja wa ndege wa Bruxelles. Inaanza kwenye komini ya Kikula, ya Panda, ya Shituru ao ya Likasi, miaka mingi mbele ya safari.

Tuangalie kwanza nyuma, kwa wazee wetu. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikosa mikono ya kutosha. Ilitafuta watu Kasai, ilitafuta Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kuanzia mwaka 1925 ilienda kuwatafuta Ruanda-Urundi. Mwanzoni ilitaka mwanaume peke yake, kwa mkataba mfupi. Bibi alibaki kijijini. Matokeo yake tunayajua: watu walitoroka, walikufa kwa magonjwa ya kambi, ao walirudi kwao wakati ule ule walipoanza kujua kazi, na kampuni ikaanza tena kufundisha wapya.

Kiisha wakubwa wakageuza hesabu. Mwisho wa miaka ya 1920 wakaleta mikataba ya miaka mitatu na wakamtaka mfanyakazi mwenye bibi. Kampuni ilimkopesha kijana makuta ya mali ya ndoa. Ilijenga nyumba za jamaa, iligawa poso ya bibi na poso ya watoto, ilifungua maternité na masomo. Kwa hiyo tusidanganyane. Kumpa mfanyakazi nafasi ya kuishi na watu wake katika nchi ya ugeni si jambo la ajabu lisilowezekana. Lilifanyika hapa, wakati mji huu ulikuwa ukiitwa Jadotville, kwa sababu mwenye kazi aliona faida yake.

Lakini kulikuwa na mtego ndani. Bibi na watoto walikaa kambini kwa jina la namba ya baba. Baba akifukuzwa, ao akifa, nyumba ilikuwa ya kampuni na poso ilikatika. Mama aliyekaa pale miaka kumi, akazaa pale, akazika pale, hakuwa na karatasi hata moja yenye kusema: huyu anaishi hapa kwa haki yake mwenyewe.

Tuliuona mtego huo tena mwaka 2003. Gécamines, kwa makuta ya Benki ya Dunia, iliachisha wafanyakazi 10.655 katika ile operesheni iliyoitwa ya kuondoka kwa hiari. Aliyetia sahihi alikuwa mtu mmoja, lakini aliyepoteza hospitali na masomo ni nyumba nzima. Na wale waliokuwa kwenye gare ya Likasi mwaka 1992 na 1993 wanajua namna mtu aliyezaliwa hapa, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa na kampuni, anavyoweza kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Njo maana sisi watu wa Likasi, tukisikia maneno "mtu wa kutegemea" ao "à charge", hatuyasikii kama maneno ya ofisi tu. Tunajua maana yake: haki yako imetundikwa kwenye msumari wa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye leo. Nchi ambazo watu wetu wanaenda hazifanyi hesabu ya Union Minière. Nyingi zinataka mikono, lakini hazitaki jamaa nyuma ya mikono. Hazifungi mlango kabisa, kwa sababu sheria inawakataza. Zinaufanya uwe mwembamba, na kila aliye na mikanda mibaya anabaki nje.

Ubelgiji, sheria ya wageni ni ya tarehe 15 Desemba 1980, na imegeuzwa mara nyingi. Mwaka 2011 waliikaza sana: anayeita jamaa lazima aonyeshe mapato ya kutosha na ya kudumu, nyumba inayofaa, na bima ya matibabu ya watu wake. Mwaka 2025 wakaikaza tena. Kwa kawaida bibi na bwana lazima wote wawe wametimiza miaka 21. Mtoto lazima awe chini ya miaka 18. Mama mzazi wa mfanyakazi, yule aliyemlea na kumsomesha, hayumo kwenye orodha.

Kanada, mtoto anahesabiwa wa kutegemea akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Hesabu hiyo inatumika tangu Oktoba 2017. Mbele ya hapo ilikuwa chini ya miaka 19. Mkimbizi aliyekubaliwa kutoka nje ana mwaka mmoja wa kuita bibi na watoto waliobaki nyuma kwa njia ya haraka. Lakini kuko sheria moja ngumu ambayo kila mtu wa kwetu lazima aijue: mtu wa jamaa ambaye hukumtaja wakati wa kuomba, na ambaye hawakumchunguza, unaweza kukosa ruhusa ya kumwita kwa maisha yote. Tangu Septemba 2019 serikali yao ililegeza kidogo kwa watu wa aina fulani, lakini sheria yenyewe haijafutwa.

Afrika Kusini, sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtambua pia yule anayemtegemea mkimbizi. Mageuzi yaliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2020 yanamtaka mwombaji ataje bibi na watoto wake wote tangu mwanzo, hata wale walio mbali.

Angalieni, wandugu: nchi tatu, sheria tatu, lakini swali ni lile lile. Nani ni nani kwako, na karatasi gani inasema hivyo, na ya tarehe gani?

Hapo njo shida yetu inaanza. Huku kwetu ndoa ni watu. Mali imetoka, wazee wa pande mbili wamekaa, mbuzi amechinjwa, bibi amepelekwa. Hakuna mtu katika kartie anayeuliza kama wale wameoana. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 na iliyogeuzwa mwaka 2016, inaikubali ndoa hiyo ya kimila, lakini inataka iandikwe kwa ofisa wa état civil. Wengi hawaendi. Wanasema: tutaenda siku moja. Siku hiyo inafika wakati bwana yuko tayari Liège, na ambasade inauliza kwa nini ndoa ya miaka kumi na mbili imeandikwa wiki iliyopita. Kwa macho ya ofisa, karatasi mpya ya jambo la zamani ina harufu ya uongo, hata kama jambo lenyewe ni kweli tupu.

Kwa watoto ni vile vile. Kuandikisha mtoto katika siku 90 za kwanza ni bure. Baada ya hapo lazima upite kwa tribunal kutafuta jugement supplétif, na pale kuko gharama, kuko siku za kwenda na kurudi, kuko watu wa kati wanaokula ndani. Uchunguzi mkubwa wa afya wa miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika Kongo mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye chini ya miaka mitano alikuwa ameandikishwa. Watatu wale wengine, kwa Leta, hawakuwepo. Mtoto asiyekuwepo kwa Leta ya kwao atakuwepo namna gani kwa Leta ya wengine?

Ongezeni mambo ya majina. Kwenye ubatizo ameandikwa hivi, kwenye masomo vile, kwenye kadi ya mchaguzi herufi moja imekatika. Ongezeni miaka iliyopunguzwa juu ya mpira ao juu ya masomo. Huku kwetu ni kitu cha kucheka. Kwenye dosie ya viza ni sababu ya kukataliwa.

Kiisha kuko jambo zito kuliko yote: hesabu yetu ya jamaa na hesabu yao hazifanani. Fundi wa mashine aliyelea watoto watatu wake na wawili wa kaka yake aliyekufa mgodini, kwetu ana watoto watano. Hakuna anayetenganisha sahani. Ambasade ikiwa na mashaka inaomba kipimo cha damu, kile cha ADN. Kipimo kitasema watatu ndiyo, wawili hapana. Kipimo hakisemi uongo, lakini hakijui ni nani aliyelipa minerval, wala ni nani aliyekesha hospitali ya Panda na yule mdogo. Kwa watoto hao wawili dawa ni moja tu: karatasi ya tribunal, ya kuwapa ulezi kwa sheria ao ya kuwafanya watoto wako kwa adoption, tena iliyotafutwa mapema. Na hata hiyo si kila nchi inaikubali. Tunasema wazi ili mtu asiwaahidi watoto wale kitu ambacho hawezi kutimiza.

Wako wanaosema: mikanda inachukua muda, afadhali mtoto apite njia nyingine, mjomba amchukue kwa mkono, kule wataelewana. Kwa hao tunakumbusha jambo lililotokea kweli. Mwaka 2002 mtoto wa kike wa Kongo, mwenye miaka mitano, alifika Bruxelles pamoja na mjomba wake bila karatasi zinazotakiwa. Mama yake alikuwa Kanada, tayari amekubaliwa kuwa mkimbizi, akimngojea. Wabelgiji walimfungia yule mtoto karibu miezi miwili katika nyumba ya kufungia watu wazima, kiisha wakamrudisha Kinshasa peke yake ndani ya ndege, na mtu wa jamaa yake hakuwepo kumpokea. Alimfikia mama yake mwisho wa Oktoba, baada ya mawaziri wakuu wa nchi mbili kuingia katika habari hiyo. Tarehe 12 Oktoba 2006 Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg, ilisema Ubelgiji ulikosa: ulimtendea mtoto kinyume cha utu na ulivunja haki yake ya kuishi na jamaa.

Hukumu ile ni nzuri na tunaisifu. Lakini ilikuja miaka minne nyuma ya machozi. Waziri mkuu hataingia katika habari ya kila mtoto wa Likasi.

Kuko hukumu nyingine inayotusaidia zaidi katika kazi ya kila siku. Tarehe 16 Julai 2020 Korti ya Umoja wa Ulaya, katika dosie ya watoto wa Guinée waliokuwa wanaomba kumfuata baba yao Ubelgiji, ilisema kwamba umri wa mtoto unahesabiwa siku dosie inapowekwa, si siku ofisi inapopata nafasi ya kujibu. Watoto wale walikuwa wamepita miaka 18 wakati makaratasi yalikuwa yakilala. Maana yake kwetu ni nyepesi: kijana wa miaka 16 asingojee. Dosie iwekwe mbele ya siku ya kuzaliwa, na karatasi ya kupokea dosie ihifadhiwe kama dhahabu.

Tunajua kuko wanaotukasirikia. Wanasema sindika inafundisha watu kukimbia, na nchi inabaki bila mafundi. Tunawajibu kwa heshima: hatumwambii mtu aondoke. Mtu anaondoka kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi, ao kwa sababu mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu bila mwisho. Kama wanataka abaki, meza ya kuongea iko wazi, na tuna mengi ya kusema pale. Lakini akisha kuondoka, kumuacha bibi na watoto wakining'inia katikati ya nchi mbili hakurudishi fundi hata mmoja. Kunaleta tu nyumba isiyo na baba Likasi, na mwanaume wa upweke Charleroi mwenye kutuma makuta mpaka siku anapochoka kutuma.

Wengine wanasema: mambo ya karatasi ni mambo ya kununua tu, kuko mtu anayetengeneza kila kitu. Hapo tunasema hapana kwa sauti. Karatasi ya uongo moja inaharibu karatasi kumi za kweli. Kanada, ukikamatwa na uongo katika dosie, unaweza kufungiwa mlango miaka mitano. Na ubaya wake hauishii kwako: kila mkanda wa uongo unaotoka Likasi unamfanya ofisa asiamini mkanda wa kweli wa jirani yako.

Basi tunataka nini?

Kwa Leta tunaomba mambo matatu. Ofisa wa état civil, ao mtumishi wake, afike kwenye maternité kila wiki, mtoto aandikwe mama akiwa bado kitandani, bure kama sheria inavyosema. Bei za jugement supplétif zibandikwe ukutani kwenye tribunal, ili mtu wa kati asiwe na la kuuza. Na kazi ya kuhakikisha sahihi juu ya mikanda inayokwenda nchi za nje, ambayo inatupeleka Kinshasa, iletwe Lubumbashi. Mjane wa Kikula anaweza kulipa teksi ya kilometa 120. Ndege ya kwenda Kinshasa hawezi.

Kwa kampuni za mgodi tunasema: Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inawalazimisha kumtunza mfanyakazi pamoja na jamaa yake anapougua. Orodha ya jamaa mko nayo tayari katika biro ya watumishi. Mfanyakazi akiomba nakala yake yenye muhuri, apewe siku ile ile. Na akiomba ruhusa ya siku moja kwenda komini kuandikisha ndoa ao mtoto, asikatwe mshahara.

Kwa ba kamarade wa sindika: kila biro iwe na mtu mmoja anayejua mambo haya, na siku moja katika wiki ya kuyapokea. Hatuhitaji kuwa ma-avoka. Tunahitaji kujua kusoma tarehe, kulinganisha majina, na kumwambia mtu ukweli.

Kwa ninyi mnaojiandaa kuondoka: andikisheni ndoa mbele ya kuomba viza. Tafuteni hati ya kuzaliwa ya kila mtoto, na jina moja, herufi zile zile, kwenye kila karatasi. Wekeni risiti za makuta mnayotuma, picha, barua, maana kule wanauliza kama ndoa ni ya kweli ao ya viza. Na mkifika mbele ya ofisa wa nchi ile, tajeni watoto wote. Wote. Hata yule aliyezaliwa nje, ambaye bibi bado hajaambiwa. Aibu ya nyumbani inaweza kupona kwa kikao cha wazee. Mtoto aliyefichwa kwenye karatasi anaweza kufichwa milele.

Na kwa ba mama tuna neno la mwisho. Ukifika kule kwa jina la bwana, kumbuka kambi ya zamani. Ubelgiji, karatasi yako ya miaka ya kwanza inategemea kuishi pamoja naye, na ofisi inaweza kuinyang'anya mkiachana. Sheria yao inamlinda mwanamke anayepigwa, lakini lazima ajue kwamba analindwa, na aende kusema. Kwa hiyo pasipoti yako ikae katika mkono wako. Jifunze lugha, tafuta kazi, hesabu miaka, na siku sheria inapokuruhusu, omba karatasi yako mwenyewe. Bibi zetu walikaa Panda juu ya namba ya mtu mwingine. Ninyi msikae Bruxelles ao Montréal vile vile.

Komini inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Mwenye mtoto wa chini ya siku 90 aanze hapo.